Kinda wa baji mwenye macho mekundu: jinsia utaijua kabla ya rangi

Mkuu, nimekusoma. Kwa wanaopita tu: mwenzetu wa Lindi anafuga baji, wale kasuku wadogo wa tunduni, ana dume wa kijani na jike wa bluu, wote macho meusi. Wametotoa wanne, mkubwa ana siku tano na mdogo katoka juzi, bado wote uchi. Mmoja wao macho yanaonekana mekundu chini ya ngozi. Kuna mteja wa Masasi anataka baji mweupe mtupu, na swali ni kama apokee kishika uchumba sasa hivi au asubiri.

Mimi nafugia hapa Mtwara, Chikongola, na jibu langu ni hili: mwambie mteja una jike. Rangi usimwahidi bado.

Nianze na macho, maana kwa kinda asiye na unyoya hata mmoja ndiyo kitu pekee cha kuaminika. Baji anatoka kwenye yai macho yamefumba, na yanakuja kufunguka wiki ya pili inapokaribia. Lakini ngozi ya kope ni nyembamba, jicho unaliona kwa chini. Kinda wa kawaida ana punje mbili nyeusi kama pilipili manga, huhitaji kubahatisha. Kinda wa ukoo wa ino, yaani wale watakaokuja kuwa lutino (njano mtupu) au albino (mweupe mtupu), jicho lake ni la waridi, linakaribia rangi ya ngozi yenyewe, mpaka ukimtazama haraka unaweza kudhani hana macho.

Sasa kuna wa tatu, na huyu ndiye anayewachanganya watu: sinamoni. Akitotolewa macho yake si meusi wala si ya waridi, ni damu ya mzee. Wekundu huo haukai. Siku chache tu, kwa kawaida wiki ya kwanza haiishi, jicho linakuwa jeusi kama la ndugu zake na hutamjua tena mpaka manyoya ya mabawa yatoke na mistari ya kahawia badala ya nyeusi. Hukusema mwenye macho mekundu ni yupi kati ya wanne. Kama ni huyo mkubwa wa siku tano na bado jicho ni la waridi safi, ino ina nguvu. Kama ni mdogo wa juzi, usiseme kitu. Mtazame kila siku na uandike. Likianza kugeuka jeusi, ni sinamoni, na mweupe wa mteja hayupo kwenye boksi hilo.

Namna ya kutazama nayo ina mambo yake. Tochi ya simu iache. Mwanga ukipenya kwenye ngozi, kila kitu kinakuwa chekundu, hata kinda wa macho meusi utamwita ino. Subiri jike atoke kula, mtoe kinda mchana karibu na dirisha, mweke kiganjani pamoja na ndugu yake mwenye macho meusi, linganisha, rudisha. Miezi hii ya kusi asubuhi usiwaguse kabisa. Kinda aliye uchi hana uwezo wa kutunza joto lake mwenyewe, na ule upepo wa baharini hauna huruma.

Kwa nini nasema jike? Kwa ndege mambo ni kinyume na kwetu. Dume ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia (vibebeo vya urithi) zinazofanana, Z na Z; jike ana Z moja na W. Ino na sinamoni zote zinakaa kwenye Z. Dume anaweza kubeba ino kwenye Z moja, nyingine ikaifunika, na wewe ukamwona kijani tu asiye na habari. Jike hana pa kuificha, maana Z yake ni moja: akiwa nayo, inaonekana. Jike wako ni bluu wa macho meusi, kwa hiyo ino hana. Imetoka kwa baba. Watoto wa kiume wanaoirithi kwa baba wanapata Z safi ya mama inayoifunika. Wa kike wanabaki na hiyo moja ya baba, basi macho mekundu. Hesabu ya sinamoni ni hiyo hiyo, ila hapo mtazame mama mabawa, siyo macho, kwa sababu sinamoni mkubwa macho yake ni meusi kwa kumtazama tu. Mistari yake ikiwa ya kahawia, hesabu yote imevunjika.

Kuna aina nyingine ya macho mekundu, falo, ambayo haikai kwenye Z. Hiyo lazima itoke kwa wazazi wote wawili, na ni adimu mno, sijaiona kwa mfugaji yeyote huku kwetu. Na kama unawafuga kundi banda moja, usihangaike baba ni yupi. Kwa suala la jinsia anayeamua ni mama, mradi una uhakika mayai ni yake na hakuna jike mwingine aliyeingia kutaga humo.

Kwenye rangi ndipo baba anarudi. Kijani inaitawala bluu. Ino inafuta weusi wote: ikikaa juu ya kijani inabaki njano, ndiyo lutino, ikikaa juu ya bluu hakuna kinachobaki, ndiyo albino. Mama yao anawapa wote bluu. Baba, kama naye amebeba bluu kwa siri, nusu ya uwezekano ni mweupe. Kama hajabeba, huyo kinda atakuwa njano, hata uombe dua. Kumbuka mizao ya nyuma ya wawili hao: kama kuliwahi kutoka kinda wa bluu, baba amebeba. Au kama mzazi wake mmoja alikuwa bluu. Kama ulimnunua ukubwani na hujui kwao, huna cha kutumia ila subira.

Malaika hayatakusaidia hapa. Yale manyoya laini ya kijivu wanayoota kabla ya manyoya yenyewe, kwa ino ni meupe, lutino na albino sawasawa. Yanakufaa kwa wale wenye macho meusi: mmoja akiota malaika meupe wakati ndugu zake ni wa kijivu, mshuku opalini, aina nyingine ya rangi. Ngozi sahau. Kuna watu wanadai wanasoma rangi kwenye ngozi ya kinda, mimi naona wanasoma gole lililojaa, ule mfuko wa chakula shingoni.

Karibu na wiki mbili vijiti vya manyoya vinaanza kuchomoza kichwani, mabawani na mkiani. Ncha zikionyesha njano, mpigie mteja umwambie ukweli; zikiwa nyeupe, pokea hela. Kumkabidhi ni baadaye. Wanatoka kwenye boksi siku ya thelathini na kitu, na hata hapo asiondoke mpaka umwone anamenya mtama mwenyewe.

Mteja akihoji ujike, mwambie asitazame macho tena, atazame nyama ya juu ya pua ndege akishakua: dume wa albino inabaki ya waridi au zambarau, haiwi ya bluu kama madume wengine, na ndiyo maana madukani wanauziana madume kwa jina la majike.

Tupia picha ya mama yao mgongoni, bawa limekunjuliwa, mchana. Bila hiyo siwezi kukuthibitishia kwamba si sinamoni.