Uliza Bibi Shamba: Mboga za ghorofani zasifiwa, mbona hazinunuliwi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana, na nyingi zinauliza kuhusu kilimo cha ghorofa, yaani mboga zinazooteshwa ndani ya jengo, kwenye rafu zilizopangwa juu kwa juu, bila udongo, chini ya taa za LED. Nimezichagua tatu.

*Shikamoo Bibi Shamba. Namalizia shahada ya kwanza na utafiti wangu unahusu vijana wenzangu na mboga za kilimo cha ghorofa. Kwenye dodoso, karibu wote waliandika kwamba wanaziunga mkono na watazinunua. Siku nilipowawekea mezani mafungu mawili ya saladi, moja la shambani na moja la ghorofani, wengi walichukua la shambani. Msimamizi ananiuliza nimekosea wapi. Wenzangu wamenidanganya? – Mtafiti Chipukizi*

Marahaba mwanangu. Hawakukudanganya, na usikubali kulifuta jibu lolote kati ya hayo mawili. Mtu akiulizwa kwa karatasi kama anapenda chakula kinachotumia maji kidogo na kisichopuliziwa viuatilifu, atasema ndiyo, na anamaanisha. Jibu hilo halimgharimu kitu. Mezani kuna fungu analoliona kwa macho, kuna bei, kuna wenzake waliosimama nyuma yake, na kuna mazoea ya mkono uliozoea kushika mboga ya namna moja tangu utotoni.

Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia aliyoichapisha kwa ukamilifu mwaka 1991, alieleza kwamba nia ya mtu hujengwa na mambo matatu: mtazamo wake mwenyewe, anavyodhani watu wake wa karibu wanatarajia afanye nini, na anavyoona kama jambo lenyewe liko ndani ya uwezo wake. Dodoso lako, kwa unavyolieleza, limepima la kwanza. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyokutana na wenzako mezani.

Tena kuna jambo ambalo tafiti za wenzetu zimelionyesha vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walikuta kwamba kadiri mtu anavyoamini kuwa kilimo hiki kinatunza mazingira, ndivyo anavyokuwa tayari kukikubali. Miaka miwili kabla, watafiti wa Illinois, Marekani, waliwapa watu saladi za shambani, za kitalu nyumba (banda la plastiki au kioo linalopitisha jua) na za ghorofani wazilinganishe, na ya ghorofani ikaonekana kuwa iko mbali zaidi na asili. Mimi naamini imani hizi mbili zinakaa ndani ya kichwa kimoja bila kugombana, mpaka siku mtu anapotoa pesa. Kijana anaona ni njema kwa dunia, na papo hapo anaona si mboga hasa. Huo ndio utafiti wako mwanangu, na una thamani kuliko ule uliokusudia mwanzoni.

Kama bado una muda, rudi mezani. Wape washiriki pesa kidogo ambayo ni yao kweli, wachague na walipe, kinachobaki waondoke nacho. Nusu yao waonje bila kujua ipi ni ipi, nusu waelezwe kabla ya kuonja. Ukikuta tofauti ya ladha inatoweka pale lebo inapofichwa, utajua tatizo halimo kwenye jani. Na usiwaite wanafunzi peke yao. Tafiti nyingi za vijana huwakusanya walio karibu na mtafiti, yaani wanachuo, kisha zinaandika "vijana" kana kwamba fundi gereji mwenye miaka 23 hali mboga.

*Bibi Shamba, shikamoo. Nina miaka 20. Mama anasema mboga isiyogusa udongo ni dawa tupu, wala haina nguvu mwilini. Mimi naona hakuna mboga safi kuliko hiyo. Tumebishana mpaka tumechoka. Tuamulie. – Binti Mbishi*

Marahaba binti yangu, na umsalimie mama. Nitaanza na la mama.

Mzizi haunywi udongo. Unafyonza madini yaliyoyeyuka kwenye maji: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na mengine, jumla 14 ambayo mmea hauwezi kuishi bila hayo. Yakitoka kwenye samadi iliyooza au kwenye pipa la mbolea ya maji, mzizi huyapokea yakiwa na umbo lilelile. Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop waliotesha mimea ndani ya maji yenye madini katika miaka ya 1860, kwa hiyo jambo hili ni la kale kuliko bibi wa bibi yake mama. Kuhusu nguvu mwilini, saladi ni maji kwa takriban asilimia 95 popote inapolimwa. Vitamini zake zinategemea aina ya mbegu, mwanga ilioupata, na muda uliopita tangu ilipovunwa.

Lakini mama hajakosa kila kitu. Mboga ya majani ikipata nitrojeni nyingi na mwanga hafifu, hulimbikiza naitreti, chumvi ya nitrojeni isiyofaa kuliwa kwa wingi, kwenye majani, na Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa saladi na spinachi. Hilo linatokea kwenye vitalu nyumba pia. Mkulima makini wa ghorofani hulizuia siku za mwisho kabla ya kuvuna, kwa kupunguza nitrojeni kwenye maji au kuongeza saa za mwanga. Mkulima mzembe halizuii, na kwa macho hutawatofautisha.

Sasa zamu yako. Nimewahi kuingizwa kwenye shamba la namna hii. Unavaa koti, kofia ya nywele na mifuko ya viatu, unanawa mikono, ndipo mlango wa pili unafunguliwa. Ndani mwanga ni wa zambarau iliyopauka, kwa sababu taa zimewekwa nyekundu na buluu, rangi ambazo jani linazitumia zaidi. Nilinyanyua trei moja nikaona mizizi myeupe inaning'inia, imelowa, haina hata punje ya mchanga. Feni zilikuwa zinavuma kila upande. Nilipoinamia saladi moja na kufungua moyo wake, nikakuta kingo za majani machanga zimekuwa kahawia, zimekauka kama zimepitiwa na moto. Kijana anayehudumu pale akaniambia feni ya rafu ile ilikuwa imesimama. Hewa ikituama, jani la ndani halipumui maji nje, na kalsiamu inayosafiri na maji hayo haifiki kwenye ncha. Kalsiamu ilikuwa tele kwenye pipa, lakini jani likafa njaa.

Nakueleza hilo ili usifikiri jengo lililofungwa ni salama kwa sababu tu limefungwa. Viuatilifu havihitajiki sana kwa kuwa wadudu hawaingii kirahisi, hilo ni kweli na ni faida kubwa. Lakini bakteria huingia kwa mkono wa mtu au kwa maji, na pale ambapo maji yaleyale yanazunguka rafu zote, tatizo la trei moja linaweza kuwa la jengo zima. Usafi wa mboga ile ni kazi ya watu, kila siku, kama ilivyo shambani.

Kwa maoni yangu nyote wawili mnabishania udongo, na mimi ningependa mhamie kwenye umeme. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walilinganisha saladi ya shambani na saladi ya haidroponiki, inayooteshwa kwa maji ndani ya kitalu nyumba. Kwa hesabu yao, ya haidroponiki ilihitaji lita 20 hivi za maji kwa kilo, ya shambani 250. Mavuno kwa eneo lilelile yalikuwa mara 11. Ukiishia hapo unashangilia. Ila nishati iliyotumika kwa kila kilo ilikuwa mara 82. Na kitalu nyumba kinapata jua la bure! Ghorofani hakuna jua kabisa, kila mwanga unaofika kwenye jani umelipiwa. Umeme huo ukitoka kwenye makaa ya mawe, ile sifa ya kutunza mazingira, ambayo ndiyo inayowavuta vijana wenzako, inakuwa na deni kubwa nyuma yake. Ukitoka kwenye upepo, jua au maji, hesabu inabadilika sana. Hili linaniuma, kwa sababu lebo nyingi nilizozisoma zinataja maji na viuatilifu, na umeme hazigusi.

*Bibi, ni kweli kilimo hiki kitailisha dunia? Na je, mboga zake ni za kilimo hai? – Mwenye Haraka*

Kuilisha dunia, hapana. Dickson Despommier wa Chuo Kikuu cha Columbia alipoanza kulikuza wazo hili na wanafunzi wake mwaka 1999, matumaini yalikuwa makubwa, na mimi bado namheshimu kwa hilo. Lakini ngano na mahindi hudai mwanga mwingi kwa miezi mingi, na sehemu kubwa ya mmea hailiwi. Ndiyo maana rafu zimejaa saladi, mrehani na machipukizi, vitu vinavyovunwa baada ya wiki chache na kuliwa karibu vyote. Hata huko, biashara ni ngumu: kampuni ya AeroFarms ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023, ikatoka kwenye ulinzi huo mwaka huohuo, na mwenzake Bowery ikafunga milango mwaka uliofuata.

Kuhusu kilimo hai, yaani kile kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, inategemea uko wapi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinadai mmea uote kwenye udongo, hivyo mboga ya ghorofani haipati lebo hiyo. Nchini Marekani mboga hiyo inaweza kuipata.

Ukifika dukani muulize muuzaji ilivunwa lini na umeme wa shamba unatoka wapi. La kwanza huwa wanalijibu. Kama la pili hawana jibu, nunua kwa ladha na ubichi wake ukipenda, ila usilipe hata senti ya ziada kwa jina la mazingira.