Stesheni Mpya Mtaani: Je, Pingamizi Letu Bado Lina Nafasi?

SWALI: Imepangwa kujengwa stesheni mpya ya treni katika mtaa wetu. Wakazi wengi tumetia saini kuupinga mradi huo kwa sababu ya kelele, bomoabomoa na hofu ya mtaa kujaa wageni. Wapo wapangaji wanaotusuta kwamba sisi ni wenye nyumba tunaotetea utulivu wetu tu, na maofisa wa mradi wametujibu kuwa uamuzi umekwisha kupitishwa. Je, tuendelee? Na kama ni kuendelea, tushike hoja ipi?

Mkazi mwenye wasiwasi

JIBU: Ndugu mkazi, kabla ya kuhesabu saini, waulizeni maofisa hao, kwa maandishi, ni uamuzi upi hasa uliopitishwa. Mradi wa reli hauamuliwi kwa siku moja: kuna uamuzi wa kujenga njia, wa kuchagua mahali pa stesheni, wa kupitisha michoro, wa kutoa fedha, na hatimaye wa saa za kazi na njia za malori. Ofisa anayesema kwamba yote yamekwisha mara nyingi anazungumzia mawili ya kwanza.

Mji wa Stuttgart nchini Ujerumani unaonyesha gharama ya kuchelewa. Mpango wa kuizamisha stesheni kuu ya mji huo chini ya ardhi ulitangazwa mwaka 1994, lakini saini zaidi ya 60,000 za kudai kura ya wakazi zilikusanywa mwaka 2007, halmashauri ya jiji ikazikataa, na shauri likashindwa mahakamani mwaka 2009. Ujenzi ulianza Februari 2010. Tarehe 30 Septemba mwaka huo polisi waliwarushia waandamanaji maji ya shinikizo katika bustani iliyo jirani, na watu zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kura ya jimbo zima ilipopigwa Novemba 2011, karibu asilimia 59 walikataa jimbo lijitoe katika kuufadhili mradi. Wapinzani hawakuwa wajinga. Gharama, iliyokadiriwa kuwa takribani euro bilioni 4.5 mwaka 2009, imepita bilioni 11, jambo ambalo walikuwa wameonya. Hoja yao ilikuwa na uzito, lakini ilipamba moto wakati mikataba imekwisha kutiwa saini. Si ajabu kwamba Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaozihusu hasa nchi za Ulaya na Asia ya Kati, unataka wananchi washirikishwe mapema, wakati njia zote bado ziko wazi.

Kuhusu hoja zenyewe, ile ya wageni iacheni. Haipimiki, na inawapa watu sababu ya kuwaita wabinafsi. Kelele inapimika, ila itenganisheni: treni ya umeme inayopunguza mwendo ili isimame si kero kubwa kama miaka ya kuchimba, kupigilia nguzo na kupitisha malori ya kifusi. Dai la ukomo wa saa za kazi, la vipimo vya mtetemo, na la kukagua na kupiga picha nyufa za kila nyumba kabla ya kazi kuanza, ni dai ambalo mhandisi hawezi kulipuuza kirahisi. Bila kumbukumbu hiyo, ufa utakaotokea baadaye utaitwa wa zamani.

Wapangaji nao wasikilizwe, na kwa maoni yangu hapa ndipo kamati yenu ilipo dhaifu. Stesheni kwa kawaida hupandisha thamani ya ardhi iliyo karibu nayo. Kwa hiyo mwenye nyumba ambayo haikubomolewa anaweza kufaidika na kitu kilekile anachokipinga, ilhali mpangaji hupandishiwa kodi ya pango, na nyumba ikivunjwa, fidia ya jengo huenda kwa mwenyewe. Mwenye kibanda cha biashara huweza kupoteza wateja muda wote wa ujenzi bila hata tofali lake kuguswa. Waingizeni watu hawa katika kamati, kisha daini kwa pamoja gharama za kuhama, fidia ya biashara iliyokatizwa, na sehemu ya nyumba mpya zitakazojengwa kando ya stesheni itengwe kwa wapangaji wa sasa.

Kama mahali pa stesheni pamekwisha kuamuliwa na muda wa rufaa umepita, elekezeni nguvu kwenye michoro: mlango utazame upande upi, wapita kwa miguu wavuke wapi, maegesho yawe makubwa kiasi gani. Ombeni pia tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na msome kwanza sura ya njia mbadala zilizokataliwa, kwa kuwa sababu za kukataliwa kwake zikiwa hafifu, mwanasheria atakuwa na pa kuanzia.