Mchanga uleule, nchi tatu, majibu matatu: nani yuko sahihi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa usalama katika kampuni inayochimba mchanga wa zirkoni, ambao kwa asili una urani na thoriamu kidogo. Mdhibiti wa mionzi wa nchi yetu alituandikia kwamba hatuhitaji leseni, inatosha kumpa taarifa. Malori yakapita nchi ya pili bila kuulizwa neno. Yalipofika nchi ya tatu, mdhibiti wa huko akasema mnunuzi wetu lazima awe na leseni ya mionzi, tena akatilia shaka cheti chetu: sisi tuna 3.1, maabara yao imepata 3.8. Je, hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima? Halafu mnunuzi anataka tuweke kwenye mkataba kwamba tutapokea vumbi la kiwandani kwake kama taka. Tukubali?

Jibu: Ndugu, nianze na vyeti ulivyoambatanisha, maana ugomvi huo unaisha kwa hesabu ya kujumlisha. Cheti chenu kina mistari miwili: urani-238, bekereli 3.1 kwa gramu (bekereli 1 ni atomu moja inayovunjika kila sekunde). Thoriamu-232, bekereli 0.7 kwa gramu. Cheti chao kina mstari mmoja tu, "jumla 3.8". Jumlisha vyenu. Maabara hizo mbili zimepata jibu lilelile, ila moja imeandika kila ukoo (urani au thoriamu pamoja na elementi zinazozaliwa inapovunjika) peke yake na nyingine imeweka vyote chungu kimoja. Anayesoma cheti ofisini haoni hilo, anaona namba mbili zinazogombana.

Kiwango cha dunia kipo. Viwango vya msingi vya usalama vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, vilivyotoka 2014, vinataja bekereli 1 kwa gramu kwa kila elementi ya mionzi iliyo katika ukoo wa urani au wa thoriamu, na bekereli 10 kwa potasiamu-40. Umoja wa Ulaya ulitumia namba hizohizo katika agizo lake la 2013/59/Euratom. Angalia neno "kila": namba inasomwa kwa kila elementi, haijumlishwi. Mdhibiti wa nchi ya tatu akilinganisha 3.8 na 1 anafanya kosa la usomaji, ingawa kwa mzigo wenu halibadilishi uamuzi, kwa kuwa hata 3.1 imeshavuka.

Sasa, kuvuka 1 maana yake nini? Wengi wanadhani ukivuka umeingia kwenye leseni. Sivyo. Ukivuka, mdhibiti anatakiwa kuuliza: mfanyakazi au jirani atapata dozi kiasi gani kwa mwaka? Ikiwa ni kama milisivati 1 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) au chini, anaweza kukusamehe au kukutaka utoe taarifa tu. Ikizidi, ndipo kunakuja usajili, na mwisho leseni. Kwenu mchanga unachimbwa, unaoshwa ukiwa na maji, unapakiwa. Vumbi ni dogo. Kwa mnunuzi wenu mchanga huohuo unasagwa mpaka unakuwa laini kama unga, kisha unatiwa kwenye tanuri. Unga huo unavutwa na mapafu, na chembe za alfa zinazotoka kwenye urani na thoriamu zikiwa ndani ya mapafu si mchezo. Wadhibiti wote wawili wako sahihi, kwa sababu wamepima kazi mbili tofauti zinazotumia mchanga mmoja.

Nchi ya katikati nayo haikulala. Kanuni za IAEA za usafirishaji, SSR-6, haziyagusi kabisa madini asilia mpaka yavuke mara 10 ya kiwango cha msamaha (ile 1), yaani bekereli 10 kwa gramu kwa urani na thoriamu asilia. Hapa ndipo mnajumlisha kwa mafungu: 3.1 gawa kwa 10, ongeza 0.7 gawa kwa 10, unapata 0.38. Mpaka ifike 1 ndipo lori liwe na alama za mionzi. Kwa hiyo mchanga wenu si "wa mionzi" ukiwa barabarani, na unageuka kuwa wa mionzi ukishushwa getini. Inachekesha, lakini ina mantiki: dereva anakaa karibu na mzigo kwa saa chache, msagaji anakaa nao miaka.

Lango la kupima mionzi mpakani halijui lolote kati ya haya. Linalia hata kwa vigae na kwa mbolea ya potashi. Kloridi ya potasiamu safi ina karibu bekereli 16 za potasiamu-40 kwa gramu, juu ya ile 10, na bado husikii wakulima wakidaiwa leseni ya mionzi. Lori libebe nakala ya cheti.

Maoni yangu, baada ya miaka ya kukaa kwenye vikao vya nchi jirani: tunapoteza muda mwingi kubishania namba, na muda mchache mno tunakubaliana namba hiyo inapimwaje. Kwa uzito mkavu au wenye unyevu? Elementi ipi ya ukoo ndiyo imepimwa, na zipi zimekisiwa? Niliwahi kushughulikia tope la matangi ya mafuta ambapo maabara moja ilipata karibu theluthi mbili ya nyingine. Ilikuwa imekausha sampuli kwenye oveni na kuipima siku hiyohiyo, ikisoma radiamu-226 kupitia bismuthi-214, mzao wake katika ukoo wa urani. Lakini kati ya hizo mbili kuna radoni, ambayo ni gesi, na sehemu yake ilikuwa imetoroka kwenye oveni. Nusu-uhai wa radoni-222, yaani muda wa nusu yake kuvunjika, ni siku 3.8, unatakiwa kufunga kopo lisipitishe hewa na kusubiri wiki tatu hadi nne ili radoni ijijenge upya, ndipo usome. Kwa zirkoni tatizo hili ni dogo, kwani punje yake inaishikilia radoni barabara. Kwa tope, ni tofauti ya kupita na kukataliwa.

Tofauti za namba zenyewe zina madhara pia, siwezi kukataa. Marekani haina sheria moja ya taifa kwa taka zenye mionzi asilia, kila jimbo lina yake. North Dakota ilikuwa na kikomo cha pikokuri 5 (kipimo kingine cha mionzi) kwa gramu, karibu bekereli 0.19, hivyo taka za visima vya mafuta zilizozidi hapo zilitakiwa kupelekwa majimbo mengine. Mwaka 2014 mifuko ya kuchujia maji ya visima ilikutwa imetupwa ndani ya kituo cha mafuta kilichoachwa, katika mji mdogo wa Noonan. Mwaka 2016 jimbo likapandisha kikomo hadi pikokuri 50.

Hilo linatuleta kwenye kile kipengele cha mkataba. Kama mnunuzi anayeyusha zirkoni kwa joto kali, msiguse kabla ya kupima. Risasi-210 na poloniamu-210, elementi za ukoo wa urani, huwa mvuke kwenye tanuri na kuganda kwenye vumbi la vichujio, na vumbi hilo linaweza kuupita mchanga wenu mbali sana. Cheti cha 3.1 hakisemi lolote kulihusu.

Na kisheria litaangukia kwenye ufa. Mkataba wa Basel wa 1989 unaziacha nje taka ambazo, kwa ajili ya mionzi yake, zinasimamiwa na mifumo mingine ya kimataifa. Mkataba wa Pamoja wa 1997 kuhusu mafuta ya nyuklia yaliyotumika na taka za mionzi nao unaziacha nje taka zenye mionzi asilia pekee ambazo hazikutoka kwenye mzunguko wa nishati ya nyuklia, isipokuwa nchi yenyewe itangaze kwamba ni taka za mionzi. Mkataba wa Bamako wa 1991, kwa nchi za Afrika zilizouridhia, unazijumuisha taka za mionzi na unakataza kuziingiza kutoka nje ya bara. Hivyo kabla ya kusaini, muulizeni mdhibiti wenu kwa barua: vumbi hili likirudi, mtaliita taka za mionzi, taka hatarishi, au malighafi? Jibu likichelewa, kipengele kisubiri. Na mwambieni mnunuzi apime risasi-210 na poloniamu-210 kwenye vichujio vyake, kwa uzito mkavu, kila elementi mstari wake.