Saba, kimya, tisa

Swali lenu la wiki hii linauliza kama safari ya vijana Wakatoliki ng'ambo ni hija au ni utalii uliovishwa rozari. Najibu nikiwa mlezi niliyeongoza kundi la vijana kwenda Lisbon, Ureno, kwenye Siku ya Vijana Duniani, mkutano wa vijana Wakatoliki pamoja na Papa, Agosti 2023.

Nianze kwa kukiri: utalii ulikuwepo. Walipiga picha kila ukuta wenye vigae, wakabadilishana bendera, bangili na beji na wenzao wa mataifa mengine. Yupo aliyerudi na kofia nne, na aliyoondoka nayo haimo. Sioni dhambi hapo. Mahujaji wa kale nao walirudi kutoka Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania, na ganda la kombe wa baharini limeshonwa kwenye kofia, ili watu wajue walifika.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kila kijana alikuwa na namba, 1 hadi 24, na kila tulipopanda au kushuka treni walizitaja kwa mfuatano. Lakini tulikuwa 22. Namba 8 na namba 21 walinyimwa viza wiki moja kabla ya safari, kwa barua fupi na ada isiyorudishwa, na wenzao wakakataa katakata namba hizo zipewe watu wengine. Kwa hiyo hesabu yetu ilikwenda hivi: sita, saba, kimya, tisa. Kimya chenyewe sekunde moja tu, ila kwenye kituo kilichofurika watu, sekunde hiyo ilikuwa ndefu.

Alhamisi ya tarehe 3, pale bustani ya Parque Eduardo VII, Papa Fransisko alisema katika Kanisa kuna nafasi kwa wote, akaomba kila mtu arudie naye kwa lugha yake: todos, todos, todos, yaani wote, wote, wote. Vijana wangu wakalidaka kwa Kihispania vilevile. Tangu hapo nikiuliza "Mko wote?" wananijibu kwa kelele "Todos, todos, todos!" hata kama nusu yao bado wako chooni.

Kesho yake hesabu ikakwama kwa 17. Tulikuwa kituo cha treni cha Belém, tumetoka kwenye bustani ya Jardim Vasco da Gama, ambako vilipangwa viti 150 vya maungamo vilivyotengenezwa na wafungwa wa magereza ya Ureno. Jioni ile ilikuwa ibada ya Njia ya Msalaba pamoja na Papa, na kila dakika iliyopita ilituondolea mahali pa kusimama. Simu ya 17 haipatikani. Nikawaacha wengine na katekista wetu, nikarudi mbio, njia nzima napanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa maneno ya kutamkwa na mlezi.

Nilimkuta mkiani mwa foleni ya maungamo. Akasema ameshafika mbele mara mbili, na mara zote mbili ameogopa, akarudi nyuma kuanza upya. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama stempu, wino umechuja kwa jasho. Sikuuliza ina nini. Maneno yangu yote yakaniishia, nikasimama nyuma yake, ili akigeuka tena anikute mimi njiani.

Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza alinipita bila neno, akatembea haraka kwenda kituoni, utadhani mimi ndiye niliyewachelewesha watu. Njia ya Msalaba tuliisikia kwenye vipaza sauti tukiwa tunatazama migongo. Mabinti wawili walioota kumwona Papa kwa karibu walininunia hadi Jumamosi, na walikuwa na haki. Mtalii akichelewa, basi linaondoka. Sisi tulikosa kile tulichokifuata kwa sababu ya mmoja, na kwangu hapo ndipo utalii ulipoiachia hija nafasi.

Kuhusu starehe za safari, sina mengi. Tulilala kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule. Mkesha wa Jumamosi ulikuwa Parque Tejo, uwanja uliotengenezwa juu ya lililokuwa dampo la taka, jua la kuunguza na kivuli cha kugombania. Bado tulikuwa na nafuu. Wenzetu wa Siku ya Vijana ya Madrid, mwaka 2011, walipigwa na dhoruba mkeshani, Papa Benedikto akiwa jukwaani. Usiku, Ekaristi ilipowekwa wazi, watu wapatao milioni 1.5 walinyamaza, nikasikia zipu ya begi la mtu nisiyemwona.

Alfajiri tuliamshwa na muziki wa disko uliokuwa ukipigwa na padre, DJ kabisa, na hilo nawaachia wasomaji wengine waamue liko upande gani. Nikaanza kuhesabu, sauti zimekauka. Sita. Saba. Nikasubiri sekunde yetu.

"Nane!" ikajibu sauti ya kukwaruza.

Namba 17 alikuwa ameinua simu juu, kioo kimepasuka, na ndani yake uso wa namba 8 ukigandaganda kwa mtandao mbovu. Tukaendelea hadi 20. Kwa 21 simu iliita mpaka ikakatika. Tukangoja kidogo, kisha 22 akataja yake.