Beleshi likae mgongoni au kwenye begi la nyuma ya pikipiki ya theluji?

SWALI: Fundi, salaam. Nimepata pikipiki ya theluji ya mlimani, ile yenye treki ndefu (mkanda wa chini unaoisukuma), na sasa natafuta begi la kufunga nyuma ya kiti. Nimeona moja la lita 60 ambalo lingemeza kila kitu: beleshi, fimbo ya kumtafutia mtu chini ya theluji, spana, maji, chakula, dumu dogo la petroli, hata transiva, kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa. Wenzangu ninaoendesha nao hawaelewani. Mmoja anasema vitu vya uokoaji nivibebe mgongoni. Mwingine anasema nikirushwa na beleshi mgongoni nitavunjika uti wa mgongo. Nimsikilize nani? Na ninunue begi la kitambaa au sanduku gumu la plastiki?

JIBU: Salaam sana, ndugu yangu. Msikilize wa kwanza, ila hofu ya wa pili usiitupe, nitaifikia. Na kabla hujatoa hela ya begi, panga kwanza kipi kinakaa mwilini na kipi kinakaa kwenye mashine. Ukishapanga, utajua mwenyewe kama lita 60 unazihitaji.

Poromoko la theluji likikukumba, mara nyingi wewe na mashine mnatengana. Wewe unabaki huku, yenyewe inaishia kule chini, na inaweza kufukiwa yote. Hata kama hukufukiwa wewe, fikiria mwenzako yuko chini ya mteremko, umekwisha kushuka kwa miguu hadi alipo, na beleshi lako limefungwa kwenye mashine iliyokwama juu. Anayetolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana nafasi kubwa sana ya kuwa hai. Baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka haraka, kwa sababu wengi wanaokufa chini ya theluji wanakosa hewa. Muda wote utakaotumia kupanda tena, theluji ikiwa kiunoni, kufuata beleshi, unakatwa kwenye dakika hizo.

Kwa hiyo vitu vitatu havitoki mwilini hata siku moja: transiva, fimbo na beleshi. Transiva yenyewe hata kwenye begi la mgongoni haiingii, kwa sababu theluji inayotembea ina nguvu ya kulichomoa begi mabegani. Ivae kifuani kwa mikanda yake, chini ya koti, ukiiwasha kabla ya kuwasha injini na kuizima baada ya kurudi mlikoanzia. Transiva zote zinatumia masafa ya kHz 457, hivyo ya kampuni moja inaisikia ya kampuni nyingine. Adui yake ni vifaa vingine vya umeme. Simu, redio ya mawasiliano, kamera na betri za glavu za joto viweke mbali nayo angalau sentimita 20 unapoendesha, na sentimita 50 unapotafuta mtu. Moto wa plagi za injini nao unaivuruga, kwa hiyo wakati wa kutafuta mashine zote zilizo karibu zizimwe.

Fimbo chagua ya mita 3. Za mita 2.4 zipo na ni nyepesi, lakini ninyi wa mashine mnaendesha chini ya miteremko mikubwa, na mtu anaweza kufukiwa kina kirefu. Beleshi liwe la alumini, lenye mpini unaorefuka. La plastiki linateleza na kupasuka, kwa sababu poromoko likishasimama theluji yake inashikana na kuwa ngumu karibu kama zege. Ukiweza, kuwa na mabeleshi mawili: moja la mgongoni ambalo hulichomoi ila kwa dharura au mazoezi, na lingine kwenye mashine la kufukulia mashine ikizama. Mwenye beleshi moja ndiye anayelisahau limechomekwa kwenye theluji pale alipokwama mara ya mwisho.

Sasa hofu ya yule wa pili. Ana hoja, ila kinachoumiza mgongo ni kitu kigumu kilichokaa vibaya. Bapa la beleshi liingie kwenye mfuko wake wa nje, mbali na uti wa mgongo, na mpini na fimbo visimame ubavuni mwa begi. Kinachogusa mgongo kiwe kitu laini, kama koti la ziada au glavu kavu. Msumeno uwe na ala yake. Spana, bisibisi na plaizi visipande mgongoni kabisa, kazi yake iko kwenye mashine. Vaa pia kinga ya mgongo chini ya koti. Begi lenyewe libane: mkanda wa kiunoni na wa kifuani vyote vifungwe, mizigo isicheze unaporuka. Kwa maoni yangu likishazidi kilo 7 au 8 umeanza kubeba vitu vya begi jingine.

Kama mfuko wako unaruhusu begi lenye puto, nunua hilo badala ya begi la kawaida. Ukivuta mpini, puto la lita 150 hivi linajaa kwa sekunde chache na kukufanya uwe kitu kikubwa ndani ya theluji inayotembea. Ukitikisa bakuli la karanga zilizochanganyika, kubwa zinapanda juu na ndogo zinashuka, na kanuni ni hiyo hiyo. Lakini puto haliondoi haja ya transiva, na linasaidia kama tu mpini umetolewa kwenye zipu yake tangu asubuhi na mkanda wa kupita mapajani umefungwa. Mkanda huo watu wanauona wa usumbufu wakauacha ukining'inia, na bila huo puto linaweza kulivuta begi juu likuvuke kichwani. Angalia pia waya wa redio usipite juu ya mpini, na usifunge kitu chochote nje ya begi mahali puto linapotokea.

Mwilini humo humo, mfukoni, ongeza vitu vidogo vya kukuvusha usiku: kiberiti cha gesi na cha kukwaruza, tochi ya kichwani, filimbi, blanketi la karatasi ya fedha, na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti kama unacho. Sababu ni ile ile: mashine inaweza kutumbukia korongoni ukaachwa na ulichovaa. Simu ikae mfuko wa ndani ulio mbali na transiva, maana baridi inaikausha chaji.

Begi la nyuma tunalifikia sasa, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Linakaa juu ya lile bati la alumini linalofunika treki. Chini ya bati hilo, kwenye mashine nyingi za mlimani, kuna rejeta zinazopozwa na theluji inayorushwa na treki. Njia ikiwa ngumu na theluji haba, bati linapata joto. Theluji iliyonaswa chini ya begi inayeyuka, maji yanaingia kwenye mishono, ukisimama yanaganda. Ndiyo maana begi linafaa kuwa na kitako cha mpira kigumu na kuinuliwa kidogo juu ya bati, na kila kinachotakiwa kubaki kikavu kiwekwe kwanza kwenye mfuko wake usiopitisha maji humo ndani. Neno "haliingizi maji" kwenye lebo usiliamini peke yake. Theluji ya unga inapenya hata tundu la zipu.

Halafu kuna uzito. Kila kilo unayoiweka nyuma ya kiti inanyanyua skii za mbele. Kwenye tambarare hutaona kitu, ila ukipanda mteremko mkali pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi usiokata kona, na treki inachimba shimo badala ya kupanda. Petroli lita 10 ni karibu kilo 7.5, maji lita 3 ni kilo 3, na hapo bado hujaweka spana. Vizito vyote vilale chini na vigusane na kiti, vyepesi viende mkiani. Lita 60 zina ubaya mmoja ambao muuzaji hatakutajia: zikiwepo utazijaza. Kwa safari ya siku moja lita 25 hadi 40 zinatosha: koti la joto, glavu na soksi kavu, mfuko wa kulalia wa dharura, msumeno mdogo, chakula, kikombe cha chuma cha kuyeyushia theluji, kamba ya kuvutia, mkanda wa klachi wa akiba, plagi, spana, huduma ya kwanza.

Umbo nalo litazame. Mlimani huendeshi umekaa, unasimama na kuvusha mguu kutoka upande mmoja kwenda mwingine mashine inapokata mteremko kwa ubavu. Begi refu la kwenda juu au pana kupita bati litakunasa mguu wakati mbaya kabisa. Chagua la chini, jembamba, lililochongoka kuelekea mbele. Lisizibe taa ya nyuma.

Kuhusu kitambaa au plastiki, kwa mlimani nachagua kitambaa kila mara. Sanduku gumu linafaa njia zilizosawazishwa, ambako huanguki mara kwa mara. Mlimani mashine itakulalia siku moja, na kona ya sanduku kwenye paja haina huruma, mbali na kwamba plastiki kwenye baridi kali inapasuka. Kitambaa kiwe naili nzito iliyopakwa kinga inayobaki laini kwenye baridi. Ukilikunja begi likatoa sauti ya kukakamaa hata ndani ya duka lenye joto, mlimani litakuwa bati.

Zipu ni ugonjwa. Zinalowa, zinaganda, na kile kishikio kidogo hakishikiki kwa glavu. Mdomo wa kuviringisha na kufunga kwa klipu kubwa unakaa muda mrefu zaidi. Lenye zipu ulilokwisha kulinunua, lifunge vitanzi vya kamba kwenye vishikio. Kulijaribu ni rahisi: liweke sehemu ya kugandishia ya jokofu usiku kucha likiwa na unyevu kidogo, asubuhi vaa glavu zako nene, fumba macho, ulifungue. Ukishindwa hapo jikoni, huko juu gizani hutaweza.

Kufunga kwenye mashine: kama mashine yako ina vishikizo vya kiwandani, kama LinQ ya Ski-Doo au Lock & Ride ya Polaris, vitumie. Kamba za elastiki zenye ndoano ziache, zinanyumbuka begi likahama taratibu, na ndoano ikichomoka inatafuta jicho. Ukitumia mikanda, ncha zinazobaki zikunje na uzibane, zisining'inie karibu na treki. Simama baada ya nusu saa ya kwanza uikaze tena, kwa sababu mtikisiko na baridi huilegeza.

Begi dogo la kwenye usukani ni la miwani ya akiba, vitafunwa na kitambaa, basi. Liwe jepesi, lisiguse waya wa mafuta wala kamba ya kuzimia injini, na ukate kona kushoto na kulia hadi mwisho injini ikiwa imezimwa uone kama linagota.

Dumu la petroli lisilale ndani ya begi pamoja na nguo na chakula, hata likiwa jipya. Mvuke unatoka, na koti linalonuka petroli hutalivaa karibu na moto ule unaouhitaji usiku. Lipate kishikizo chake nje, mbele ya begi, likigusana na kiti. Ukishakuwa na kishikizo hicho, pima nafasi iliyobaki kwenye bati kabla ya kununua begi, maana lile la lita 60 huenda halitaingia.