Afya ya mazingira au haijini ya viwandani? Nimefanya zote mbili

Mkuu, umeuliza usomee ipi kati ya afya ya mazingira na haijini ya viwandani, yaani kazi ya kupima na kudhibiti hatari za kiafya kazini, kwa kuwa masomo ya mwanzo yanafanana. Kwangu tofauti kubwa ni mamlaka.

Afisa afya ya mazingira analinda umma. Leo anapima klorini kwenye maji (WHO inataka inayobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota), kesho yuko machinjioni, keshokutwa anafuatilia kuhara kulikoanzia sherehe fulani. Ana sheria mkononi: akifunga jiko chafu, limefungwa. Lawama na simu za wakubwa hazikosekani.

Haijini ya viwandani ni ya mfanyakazi na hewa anayovuta, na moyo wangu uko huku. Kabla ya zamu unapima mtiririko wa hewa wa pampu ndogo ya kuvutia sampuli, unaifunga kiunoni mwa mfanyakazi, mpira wake unapita begani, kichujio cha kunasa vumbi unakibana kwenye ukosi, sentimita zisizozidi 30 kutoka puani. Kisha unashinda naye ukiandika: amekata jiwe saa ngapi, amefagia saa ngapi. Zamu ikiisha unapima mtiririko tena. Ukipishana na wa asubuhi kwa zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo huitegemei tena. Kikomo cha vumbi la silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga) Marekani, tangu 2016, ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 8. Vumbi hilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu ni laini mno, kwa macho huwezi kulikadiria. Ndiyo maana asiyependa hesabu atateseka huku.

Sasa ugumu wenyewe. Ripoti unamkabidhi mwajiri, na mara nyingi ndiye anayekulipa. Huwezi kufunga mtambo. Kiwanda kimoja nilishauri mashine ya kukatia mawe iwekewe maji ya kutuliza vumbi, wakanunua barakoa, ambazo kitaalamu ni kinga ya kukimbilia mwisho kabisa, njia nyingine zikishindikana. Nilirudi kupima watu wakiwa wamezivaa, nikawaonyesha vumbi la hewani halijapungua hata kidogo. Hapo ndipo maji yakawekwa. Kama huna uvumilivu wa kubishana hivyo, nenda afya ya mazingira, utafanya mengi mazuri.

Kama bado unasita, soma kemia, fizikia na takwimu, zinafaa kote. Na kabla ya kujaza fomu, omba ushinde zamu nzima na mpimaji wa haijini ya viwandani, siku nyingine umfuate afisa afya kwenye ukaguzi. Ulizia pia masharti ya usajili, kwani sehemu nyingine afisa afya haruhusiwi kufanya kazi bila kusajiliwa.