Barua kwa mwanangu aliyeombwa kufundisha kipaimara

Mwanangu mpendwa Rehema,

Barua yako imetufikia hapa Tanga, na baba yako ameniachia mimi niijibu. Umeandika kwamba Padre wenu amekuomba ufundishe darasa la kipaimara, nawe unauliza mtu ambaye sala za asubuhi humpita na hasira humshinda atawezaje kuwaonyesha wengine njia ya Mungu.

Sina haja ya kukusifu ili upate moyo. Musa alipouliza, "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?", Mungu hakumhesabia sifa zake, alimjibu, "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Swali lilimhusu Musa, jibu likamhusu aliyemtuma. Petro naye alipokiri kwamba ni mwenye dhambi, Bwana hakumbishia, bali alimwambia asiogope, kisha akampa kazi.

Musa, hata hivyo, aliendelea na udhuru, kwamba watu hawatamwamini na kwamba ulimi wake ni mzito, na kila neno lilipopata jibu akabaki kuomba atumwe mwingine. Hapo ndipo hasira za Bwana zilipowaka, ingawa papo hapo alimpa Haruni nduguye awe msemaji wake. Naona kwamba uzito wa ulimi ulivumiliwa. Kukwepa ndiko kulikochukiza. Jipime hapo: je, unaogopa kwa kuwa hujui, au hutaki Jumamosi zako ziishie kanisani? (Nakujua, nimekuzaa mimi.)

Kama ni kutojua, hilo lina dawa. Kanisa letu la Anglikana lilifika Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860 likitokea Unguja, na miongoni mwa watoto watano waliookolewa utumwani, ambao Sultani wa Unguja alimkabidhi Askofu Tozer, kiongozi wa wamisionari wetu, mwaka 1864, alikuwamo John Swedi, aliyekuja kuwa shemasi mwaka 1879. Alifundishwa miaka mingi kabla ya kuwekewa mikono, na hakuna aliyemtazamia afike akiwa tayari anajua.

Hasira na uvivu wa sala ni jambo lingine, na sitaki uvifunike kwa jina la udhaifu. Vipeleke kwenye kitubio kabla ya somo la kwanza. Lakini usingoje vikuishe kabisa ndipo ukubali, maana wanafunzi wako watakuwa wamekwisha kupata wajukuu.

Basi nenda kwa Padre, umweleze haya yote kama ulivyonieleza, umwombe uketi kwanza pamoja na katekista mzoefu akifundisha, ndipo ukabidhiwe somo moja moja. Akiona hufai, atakwambia mwenyewe. Akikubali, niandikie ni siku gani mtaanza, nikuombee siku hiyo kwenye Misa ya asubuhi.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako